Kwa nini Mercedes 600 ya 1963 ilisukuma vioo vyake kwa oili badala ya umeme?

#1 Kisiki wa Tanga (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima raha wiki ya pili sasa.

Mercedes-Benz 600, lile limuzini walilolizindua kwenye maonyesho ya Frankfurt Septemba 1963, karibu kila kinachosogea ndani yake kinasukumwa na oili yenye presha. Vioo, viti, dirisha la paa, mfuniko wa buti, hata mlango ukiurudisha taratibu unavutwa mpaka unakaza wenyewe. Pampu inazungushwa na injini, oili inapita kwenye vijibomba vyembamba kwa presha ya baa 150 hivi. Tairi la gari dogo lina baa 2 na kidogo, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ni nguvu gani imelala ndani ya mlango ule.

Swali: kwa nini wajisumbue hivyo? Mota za umeme zilikuwepo. Mimi nadhani sababu ni ukimya, kwamba mwenye gari hakutakiwa kusikia chochote kioo kinapopanda. Lakini sijaridhika na jibu langu. Mwenye maelezo bora ashushe.

#2 Kijana wa Grogan

Salamu kutoka Nairobi. Ukimya ndio jibu lenyewe, mkuu, umejijibu. Mota ya stima ya miaka ile ilikuwa inalia kama nyuki kwenye mkebe. Huwezi kumuuzia mtu gari la Mark 56,500 halafu kioo kimpigie kelele.

#3 Fundi wa Gerezani

Msifunge uzi mapema. Mimi nimefungua milango ya Mercedes miaka thelathini na kitu hapa Gerezani, na kuna tabia ya kiwanda kile ambayo mtu asiyeshika spana haioni.

Chukueni W123, hizi 200, 230 na 240D ambazo baba zenu waliziendesha. Kufuli za milango yote hazitumii umeme, zinatumia mvuto wa hewa. Kuna vijipira vinapita chini ya zulia mpaka kila mlango. Na kwenye zile za dizeli, mvuto huohuo ndio unaozima injini ukigeuza ufunguo. Mwaka fulani aliletwa kwangu mzee mmoja na 240D yake, analalamika kwamba amezima gari, ametoa ufunguo, ameingia ndani kunywa chai, na injini bado inaunguruma nje. Majirani wakasema gari lina jini. Tatizo lilikuwa kijipira kilichopasuka kwenye mlango wa nyuma. Hewa inavuja mlangoni, injini haizimiki. Nikamwonyesha kile kiwiko chini ya boneti kilichoandikwa STOP, kwamba akikibonyeza itazima, kisha nikabadilisha kijipira.

Ninachotaka kusema: wale wahandisi hawakuuamini umeme kwa kazi ndogondogo. Walipenda vitu vinavyosukuma na kuvuta. 600 ni tabia hiyohiyo ikiwa imepewa pesa zote duniani.

#4 Bi Mwanakheri

Fundi, hiyo 240D isiyozimika baba yangu alikuwa nayo! Mombasa, Kizingo. Alikuwa anaiacha kwenye gia na kuachia klachi kwa nguvu ili ife. Asante sana, leo nimejua sababu baada ya miaka mingi.

#5 Msomi wa Mlimani

Naomba niongeze historia, maana tunazungumza kama kwamba 600 ilitoka mbinguni.

Ya kwanza, Citroën DS ilionyeshwa Paris mwaka 1955 ikiwa na oili ya presha kubwa kwenye springi, usukani, breki na hata kubadilisha gia. Kwa miaka minane kabla ya 600 Ulaya nzima ilikuwa imeshaona kwamba mfumo wa aina hiyo unaweza kuwekwa kwenye gari la kuuzwa dukani. Mercedes kule Stuttgart hawakuwa vipofu.

Ya pili, 600 ndiyo Mercedes ya kwanza kuwa na springi za hewa, na ndiyo ya kwanza kuwekewa V8, injini ya silinda nane.

Kwa hiyo maelezo yangu ni ushindani. Wafaransa walikuwa wamewatia aibu Wajerumani, nao wakataka kuonyesha kwamba wanaweza kwenda mbali zaidi.

#6 Mswahili wa Stuttgart

Mkuu #5, nusu tu. V8 ni kweli: ile M100 ya lita 6.3 ndiyo V8 ya kwanza ya Mercedes kuuzwa kwenye gari la kawaida, nguvu farasi 250, sindano za mafuta za Bosch. Springi za hewa si kweli. 300SE ya mwaka 1961 ilizitangulia.

Na hilo linaathiri hoja yako ya Citroën. DS inatumia oili kubeba gari zima. 600 inabebwa na hewa, oili ni ya starehe tu: vioo, viti, paa, buti. Ni mifumo miwili iliyotengana, kila mmoja na kazi yake. Anayeiga hafanyi kazi mara mbili.

#7 Msomi wa Mlimani

Nimekubali kuhusu 300SE, asante kwa sahihisho. Kuhusu kuiga, sikusema waliiga. Nilisema walichokozwa. Mtu akichokozwa haigi, anajibu kwa njia yake.

#8 Kijana wa Grogan

Msomi akibanwa hubadilisha neno. Tumekuzoea, mwalimu.

#9 Sauti ya Muttrah

Assalaam alaikum kutoka Maskati. Mimi si fundi ila nilibahatika kufanya kazi kwa bwana mmoja mkusanyaji wa magari ya zamani, na 600 fupi alikuwa nayo, ya buluu nzito. Nitasema nilichokiona kwa macho.

Kitufe cha kioo si kitufe. Ni vali. Ukikigusa kidogo kioo kinapanda polepole, ukikibonyeza sana kinapaa. Oili inapita palepale chini ya kidole chako. Na injini ikiwa imezimwa vioo bado vinafanya kazi kwa muda, kwa sababu kuna chombo kinachohifadhi presha.

Nguvu yake inatisha. Yule bwana aliwakataza watoto kabisa kukaa karibu na madirisha. Mota ya umeme ikikutana na mkono inalemewa, ile haijui kulemewa.

Joto la huku lilikuwa adui mkubwa. Sili zinakauka, oili inaanza kutoka jasho kwenye milango na kuharibu zulia. Mwaka wa pili tulikuwa tunalinda gari kuliko kuliendesha.

#10 Jirani wa Bandari

#9 sina hakika na hilo la polepole na haraka. Kitufe ni kitufe, kinawaka au kinazima. Huenda oili ilikuwa imechoka ndio maana kioo kikawa kizito siku nyingine.

#11 Fundi wa Gerezani

Jirani, vali haifanani na swichi. Bomba la maji nyumbani kwako ukilifungua robo maji yanatoka robo. Ndugu wa Maskati anasema kweli, na mimi ninamwamini kwa sababu hakuna njia ya kulieleza hilo kama hukuligusa.

#12 Dada wa Michoro

Mnazungumza habari za mabomba tu, na hakuna aliyesema kitu kuhusu lilivyochorwa! Mimi ni mchoraji wa majengo na hili gari nimelitazama kwa miaka.

Idara ya michoro ilikuwa chini ya Friedrich Geiger, na Mfaransa Paul Bracq alikuwa na mkono mkubwa ndani yake, huyuhuyu aliyechora 230SL ndogo yenye paa lililobonyea katikati. Mwaka mmoja, 1963, yakatoka magari mawili: moja la kwenda ufukweni, moja la kubebea marais. Yatazameni pamoja. Taa za mbele zilizosimama wima ni ndugu. Paa jembamba lenye nguzo nyembamba na vioo vikubwa ni ndugu.

Ukubwa wake ni huu: fupi ina urefu wa mita 5.54, ile ndefu iitwayo Pullman mita 6.24, upana mita 1.95. Kwa vipimo hivyo ilitakiwa kuonekana kama kabati. Haionekani hivyo, kwa sababu mstari wa chini ya madirisha umenyooka kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma bila kupinda, jicho linateleza bila kukwama. Wamarekani walikuwa wametoka kwenye mikia ya samaki juzijuzi, na Rolls-Royce Phantom V bado ilikuwa na mabega ya mviringo ya zamani. Hii ilikuwa na uso wa jengo la benki, na ninasema hivyo kwa heshima, maana jengo la benki zuri ni gumu sana kulichora.

Sasa nirudi kwenye swali. Mlango wenye kioo kikubwa na ukuta mwembamba hauna nafasi ya kuficha mota kubwa ya miaka ya sitini. Silinda ya oili ni nyembamba kama kalamu nene. Jibu langu ni nafasi. Mchoro ulidai, wahandisi wakatii.

#13 Kisiki wa Tanga

Dada, hili sikuwahi kulifikiria. Umeniharibia usingizi wa wiki nyingine.

#14 Msomi wa Mlimani

Maelezo mazuri lakini yana tundu. Cadillac na Lincoln za mwanzoni mwa miaka ya sitini zilikuwa na vioo vya umeme, na milango yao haikuwa minene kwa sababu hiyo. Tena Wamarekani ndio waliotangulia kutumia oili kwenye vioo, Packard ya 1940, halafu wakaiacha na kwenda kwenye umeme. Yaani Mercedes walichagua njia ambayo wenzao walikuwa wameshaihama. Ndio maana swali la mleta uzi ni zito.

#15 Mtoto wa Bukavu

Ndugu zangu, hamjambo. Ninyi mnaona oili, sisi huku tuliona nani amekaa ndani.

Orodha ya waliokuwa na gari hili ni kama darasa la historia: Mobutu wetu, Idi Amin, Tito, Ceaușescu, Mao, Shah wa Iran. Baba yangu alikuwa anasema ukiona gari refu jeusi unaangalia chini, hauhesabu vioo. Mimi naamini nguvu ya kupita kiasi ilikuwa ndiyo bidhaa yenyewe. Mlango unaojifunga, kioo kinachoweza kuvunja mkono. Mnunuzi wa aina ile alitaka kila kitu kimtii bila kuchoka.

#16 Mswahili wa Stuttgart

Mtoto wa Bukavu, nakuelewa na naheshimu alichosema baba. Lakini orodha haiishii hapo. Elvis Presley alikuwa nayo. John Lennon pia. Herbert von Karajan, yule mwongozaji wa okestra, alikuwa nayo. Papa Paulo VI alipewa ya kwake mwaka 1965, yenye kiti kimoja nyuma. Malkia Elizabeth alipokuja Ujerumani Mei 1965 alizungushwa ndani ya ile yenye paa la nyuma linalofunguka, na serikali ya Ujerumani Magharibi haikuinunua, ilikuwa inaikodi kiwandani wageni wakija. Papa na Lennon hawakuhitaji kumtisha mtu.

#17 Mtoto wa Bukavu

Lennon alinunua moja kwa pesa za nyimbo. Mobutu alinunua kwa pesa za shule yangu. Kwangu mimi si gari lilelile, hata kama namba ya injini inafuatana.

#18 Kijana wa Grogan

Hapo umenena. Sina la kuongeza.

#19 Mzee wa Kurasini

Wanangu, nimesoma yote. Nilikuwa kijana wakati neno WABENZI lilipoanza kutumika. Wengine humu mmezaliwa mkakuta ni neno la kamusi, hamjui lilivyokuwa likiuma. Watu walilitengeneza kama jina la kabila: kuna Wazaramo, kuna Wakikuyu, kuna Waganda, halafu kuna Wabenzi, wakubwa wa kutembelea Mercedes-Benz, ambao wako kila nchi na lugha yao ni moja. Lilitumika pwani hii na bara, Kenya, Uganda na kwetu. Gari likageuka kuwa ukoo.

Ndio maana Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, na masharti ya viongozi yakasomwa kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa, asiwe na nyumba za kupangisha, sisi vijana tuliona kama Wabenzi wameambiwa washuke garini.

Nendeni Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Kuna Rolls-Royce pale ambayo waliitumia Waingereza kwanza, kisha akaitumia Mwalimu. Ikarithiwa na kutumika, ikaisha kazi, ikawekwa. Sijui ninyi mnaonaje, mimi nikiitazama sioni aibu.

#20 Bi Mwanakheri

Shikamoo mzee. Nimewapeleka wajukuu hapo Desemba iliyopita. Mdogo akauliza mbona Rais alikuwa anapanda gari la zamani. Nikamwambia wakati huo lilikuwa jipya, akakataa kabisa.

#21 Jirani wa Bandari

Marahaba kwa niaba ya mzee. Ila tumetoka nje ya mada. Kwani hiyo Rolls nayo ilikuwa na oili kwenye vioo?

#22 Mswahili wa Stuttgart

Hapana, na hapa kulinganisha ni kuzuri. Phantom V ilianza 1959, V8 ya lita 6.2, na ilikuwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote. 600 ilikuwa na diski magurudumu yote manne, na za mbele kila moja ilikuwa na kalipa mbili, yaani vibanio viwili vya kuikamata diski. Gari la tani mbili na nusu, linakimbia kilomita 205 kwa saa. Waingereza walitengeneza sebule inayotembea. Wajerumani walitaka sebule ambayo dereva anaweza kuikimbiza kwenye barabara kuu kutoka Stuttgart mpaka Bonn kabla chakula hakijapoa.

Injini ile ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mhandisi wao Erich Waxenberger aliichukua akaichomeka kwenye gari la kawaida zaidi. Ndiyo 300SEL 6.3 ya mwaka 1968. Zilizotengenezwa ni zaidi ya 6,000, mara mbili na ushei ya 600 yenyewe.

#23 Kijana wa Grogan

600 zenyewe zilikuwa ngapi? Nimeona mahali 2,677, Pullman zote.

#24 Mswahili wa Stuttgart

2,677 ni jumla kutoka 1964 mpaka Juni 1981. Fupi 2,190, Pullman 428, zenye paa la nyuma la kufunguka 59. Miaka kumi na saba kwa idadi hiyo ni wastani wa gari tatu kwa wiki. Zilijengwa kwa mkono Sindelfingen, si mbali na ninapokaa.

#25 Fundi wa Gerezani

Gari tatu kwa wiki. Sasa mmenipa jibu jingine ambalo sikulifikiria mwanzo.

Ukijenga magari laki moja, mota ya umeme ni rahisi: unachomeka waya mbili, mfanyakazi anaenda mlango unaofuata. Kuunganisha mabomba ya oili kunataka fundi mwenye subira, kila kiungo kikazwe sawasawa, kipimwe, kifutwe, kipimwe tena. Ukijenga gari tatu kwa wiki unaye fundi huyo na unao muda huo. Wamarekani waliikimbia oili kwa sababu walikuwa na haraka. Hawa hawakuwa nayo.

Mkubwa wa uhandisi alikuwa Fritz Nallinger, na lilikuwa gari lake kubwa la mwisho, alistaafu 1965. Mtu anayekaribia kustaafu, ameambiwa atengeneze gari bora bila kuhesabu gharama. Mnategemea atachagua njia ya mkato? Mimi mwenyewe kazi zangu za mwisho nitazifanya hivyo.

#26 Dada wa Michoro

Fundi, usistaafu kabla hujaniangalizia ile 190 yangu.

#27 Kisiki wa Tanga

Mpaka sasa tuna ukimya, tabia ya kiwanda, uchokozi wa Citroën, nafasi mlangoni, tamaa ya nguvu, na muda wa fundi. Kila jibu likija naliamini mpaka lije lingine. Hivi kwa nini waliacha basi? Maybach ya 2002 haikuwa na mabomba haya.

#28 Msomi wa Mlimani

Kwa sababu kufikia hapo mota zilikuwa ndogo, kimya na zenye akili ya kusimama zikigusa mkono. Hoja ya ukimya ikafa yenyewe. Na ndiyo maana mimi sasa naegemea upande wa ukimya, kinyume na nilivyoanza. Sababu ilipoondoka, mfumo nao ukaondoka.

#29 Sauti ya Muttrah

Mwalimu, mota ikishuka bei kila mtu anahama, hata asiyejali ukimya. Hilo halithibitishi chochote.

#30 Mswahili wa Stuttgart

Wakuu, nimerudi na habari. Jumamosi kulikuwa na mkusanyiko wa magari ya zamani, nikakuta 600 ya mwaka 1969, fupi, nyeusi. Mwenyewe ni mama wa makamo, alirithi kwa mumewe. Nikamweleza kuhusu uzi huu, akafurahi, akaniambia kaa nyuma ujaribu.

Nimegusa kitufe kwa ncha ya kidole. Kioo kikapanda polepole, naapa unaweza kuhesabu mpaka kumi. Nikakibonyeza kikapaa. Sauti hakuna, isipokuwa pumzi ndogo kama mtu anayelala chumba cha pili. Injini ilikuwa imezimwa. Jirani wa Bandari, ndugu wa Maskati alisema kweli.

Nikamuuliza yule mama kwa nini oili. Akasema mumewe aliamini ni kwa ajili ya kidole: mtu aliyekaa nyuma ajue anakisogeza kioo mwenyewe, kwa kasi anayoitaka, na si mashine inayomfanyia.

#31 Jirani wa Bandari

Nimekubali, na ninaomba radhi kwa ndugu wa Maskati.

#32 Sauti ya Muttrah

Hakuna neno, ndugu yangu.

#33 Fundi wa Gerezani

Hilo la kidole ni jibu la saba, Kisiki aliongeze kwenye orodha yake.

Lakini mimi nauliza kingine. Ulipokaa nyuma, uliangalia chini ya mlango, pale zulia linapoishia? Palikuwa pakavu? Kama palikuwa na unyevu au harufu ya oili, mwambie yule mama abadilishe sili kabla ya baridi. Sili iliyokauka ikikutana na baridi inapasuka, na presha ile haisubiri.

#34 Mswahili wa Stuttgart

Palikuwa na unyevu, fundi. Nyuma kushoto, palepale nilipokaa. Nilidhani ni mvua. Nampigia sasa hivi.